Mkono Kwenye Dirisha la Pijo

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua niliishia wapi: mbele ya kompyuta ya studio, chai imepoa, na kwenye picha iliyo mbele yangu, nyuma ya bibi harusi nisiyemjua, limeegeshwa gari la marehemu baba yangu.

Kwa aliyechelewa, nieleze upesi. Kazi yangu ni kutibu picha za zamani. Watu wananiletea picha zilizolowa, zilizokunjika, zilizotafunwa na mende. Mimi naziingiza kwenye mashine, nafuta madoa, naziba nyufa, namrudishia mtu pua yake iliyobanduka.

Mteja mmoja akaniletea picha ya harusi ya wazazi wake, imepigwa barabarani katikati ya mji. Bibi harusi anacheka. Bwana harusi amekaza uso kama anasubiri sindano. Nyuma yao, kando ya barabara, kuna teksi, Pijo 404, imetupa mgongo.

Taa yake moja ya nyuma imezibwa kwa kipande cha plastiki. Bampa limepinda upande mmoja. Ndani ya kioo cha nyuma kumetandazwa kitambaa cha kufuma chenye pindo la mawimbi, alama zile zile za teksi ya baba kwenye picha yetu ya nyumbani. Na kwenye dirisha la dereva kuna mkono wa mwanamume umelala nje, mkono wa mtu asiye na haraka.

Baba alizama mtoni na gari hilo mwaka wa mafuriko, mimi sijaanza hata shule. Gari lilitolewa. Yeye hakupatikana. Hayo mnayajua.

Sasa sikilizeni ya leo.

Jambo la kwanza nilitafuta picha ile ni ya lini. Nyuma haikuandikwa kitu. Labda, nikajiambia, ilipigwa kabla ya mto, baba akiwa kazini kama siku zote. Basi nikaanza kuusoma mtaa.

Kwenye njia panda kulikuwa na taa za barabarani, mpya, bado zimefungwa magunia. Jengo la benki lilikuwa limefika ghorofa ya juu, miti ya mafundi imelizunguka. Mama aliwahi kuniambia msingi wa jengo lile ulichimbwa baada ya mafuriko. Nikasema mama amechanganya, ni mambo ya zamani.

Kisha nikaiona. Mbele ya duka la viatu, nusu yake imefichwa na shela la bibi harusi, kulikuwa na gari jeupe lenye taa zilizokunja sura kama mtu aliyedharauliwa. Pijo 505.

Baba alipozama, Pijo 505 zilikuwa hazijaanza kutengenezwa.

Nikasema ngoja nikae chini. Kumbe nilikuwa nimekaa.

Gari lilikuwa mjini baada ya mto, na mkono ulikuwa dirishani. Niliangalia vidole vile mpaka macho yakauma. Baba alikuwa hai!

Picha nzima ilikuwa na mikwaruzo, kama picha zote za umri ule. Mmoja ulipita juu ya mkono wenyewe, mweupe, kutoka kwenye kiwiko mpaka karibu na kifundo. Nikaufuta. Ndiyo kazi yangu, nafuta mikwaruzo. Nikausafisha mkono ukabaki laini, nikaukuza, nikauchapa, nikaenda nao nyumbani mbio.

Mkwaruzo huo msiusahau.

*

Mama alikuwa kitandani. Daktari anasema moyo wake umepanuka. Shangazi anasema ni kwa sababu ya kuweka mambo mengi humo.

"Mama, tazama hii."

"Miwani yangu iko wapi?"

Nikampa miwani. Akaishika picha kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Kitambaa changu," akasema. "Pindo hili nililifumua mara mbili ndipo likakaa sawa."

"Ndiyo, mama."

"Na hili ni gari lake."

"Ndiyo."

"Na mkono wake." Akapitisha kidole juu ya karatasi. "Alikuwa anautoa nje hivi hivi. Nilikuwa namwambia lori litakuja kuukata. Ni ya lini hii?"

Hapo ndipo nilipopaswa kufunga mdomo. Sikufunga. Nikamweleza habari ya magunia, benki na 505, mambo yote kwa furaha, Mungu anisamehe. Nilidhani namletea mume.

"Kwa hiyo ni baada ya mto," akasema.

"Baada ya mto, mama! Hakuzama!"

Akavua miwani. Akaikunja taratibu, akaiweka juu ya picha.

"Basi walisema kweli," akasema, akageukia ukutani.

Niwaeleze maana ya neno hilo, kwa sababu mimi mwenyewe nilichelewa kulielewa.

Asubuhi ile ya mvua mama na baba walikuwa wamegombana. Mama alimwambia, "Ukitoka hapo mlangoni, usirudi." Waligombania nini hakumbuki tena. Sababu imefutika, maneno yamebaki. Baba akatoka. Mvua haikumruhusu mtu kutoa pua siku ile nzima, na kesho yake alfajiri watu wakakuta ukingo wa daraja umevunjika na maji yamefunika kila kitu. Maji yalipopungua, gari likavutwa. Kioo cha mbele hakipo, dereva hayupo.

Wengine wakasema amechukuliwa na mto. Wengine wakasema mjanja yule ameruka, amepata upenyo wa kwenda zake.

Halafu zikaanza habari. Mumeo tumemwona mjini. Na Pijo lake lile lile. Mkono nje ya dirisha. Miaka ilikwenda na habari zikaja, na mama aliwafukuza walioleta, mmoja mmoja, wengine kwa ufagio. "Mume wangu amekufa maji," alikuwa akisema. Alikataa wanaume wawili waliokuja kwa heshima zao. Alinilea peke yake juu ya neno hilo moja, kwamba yeye ni mjane, hakuachwa.

Na sasa mimi, mtoto wake, nilikuwa nimemletea ushahidi aliokuwa akiupiga kwa ufagio.

Siku ile hakula. Nikasema kesho atakula.

*

Kesho yake akaja shangazi, dada yake baba. Tunamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia.

Alipoiona picha alipiga kelele mpaka jirani akachungulia.

"Si niliwaambia? Si niliwaambia kaka yangu hakufa? Mlinicheka!"

"Shangazi, punguza sauti, mama anaumwa."

"Nipunguze nini! Kaka yangu yuko hai! Hata kama ana mke mwingine, ana watoto kumi, yuko hai!"

Mama akasema bila kugeuka, "Wifi, nenda nyumbani."

"Siendi. Wewe miaka yote unataka awe amekufa."

"Nataka awe hakuniacha."

"Na mimi ni dada yake," shangazi akasema, na sauti ikamvunjikia katikati. "Mimi afadhali ale kwa mwanamke mwingine kuliko samaki wamle yeye."

Wakalia wote wawili, mmoja ukutani, mmoja kwenye kiti. Mimi nilisimama katikati na ile picha, nikatamani kuichana.

Shangazi ndiye aliyenishika mkono akanitoa nje. "Mtafute," akasema. "Kama gari lilirudi barabarani, kuna fundi aliyelinyoosha. Nenda kwa Mzee Rangi. Hakuna Pijo lililopita mji huu asilolitia mkono."

*

Mzee Rangi ni fundi bodi. Gereji yake iko mwisho wa safu, baada ya mafundi wa betri, na utaijua kwa harufu ya tina ya kuchanganyia rangi kabla hujaiona. Nilimkuta amekaa kwenye kiti kilichong'olewa kwenye gari, anapiga msasa mlango. Jua lilikuwa kali, na yeye amevaa ovaroli ya mikono mirefu, vifungo vimefungwa mpaka kwenye kifundo cha mkono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Gari liko wapi?"

"Sina gari. Nina picha ya magari."

Akacheka. "Hayo ndiyo mazuri, hayali mafuta. Leta."

Akafuta mikono, akaweka picha kwenye goti, na uso wake ukafunguka. Hapo nilimwona kijana aliyekuwa zamani.

"Aa! Tazama huyu. Volkswagen ya mgongo wa kobe. Hili lilikuwa la daktari wa meno, watoto walikuwa wakilikimbia. Hii ni Datsun, wan twenti Y."

"Inaonekana kishikio cha mlango tu, mzee."

"Wewe unamtambua mama yako mpaka umwone mzima?" Akasogeza kidole. "Hii 505. Mpya kabisa hii, bado inanuka duka. Huyu kinyozi aliyesimama mlangoni alininyoa siku ya harusi yangu akanikata sikio. Na hizi taa za barabarani zilikaa na magunia mpaka magunia yakaoza."

Alikuwa anafurahi. Nami nilifurahi, kwa mara ya kwanza tangu nimwonyeshe mama.

"Na hii teksi, mzee?"

Kidole kikasimama.

"Hiyo haionekani vizuri."

"Ndiyo gari linaloonekana kuliko yote."

"Macho ya uzeeni, binti yangu." Akanirudishia picha, akachukua msasa. Akasugua kidogo, akaacha. "Unamtafuta nani?"

"Baba yangu. Hii ilikuwa teksi yake. Walisema alizama nayo, kumbe alikuwa hai. Ule pale ni mkono wake."

"Nani kasema ni wake?"

"Mama."

"Mama yako yuko hai?"

"Yuko hai, lakini hali chakula. Tangu aione hii ameelekea ukutani. Anasema basi aliachwa kweli."

Mzee Rangi akaweka msasa chini. Msasa ulipokoma, fundi betri wa jirani akauliza kwa sauti kama kuna tatizo. Akampungia mkono aendelee na kazi yake.

"Huu mkono," akaniambia, "umeufanya nini?"

"Nimeusafisha tu. Kulikuwa na mkwaruzo."

"Unayo ile kabla hujaisafisha?"

Nikaitoa kwenye simu, nikaikuza. Mkono ukajaa kioo cha simu, na ule mstari mweupe kutoka kiwiko kwenda chini, umepinda kidogo karibu na kifundo.

Mzee Rangi akafungua kifungo cha mkono wa ovaroli. Akaukunja, mkunjo baada ya mkunjo, hajaniangalia. Kisha akauweka mkono wake kando ya simu yangu.

Kovu lilikuwa jeupe, limeng'aa, kutoka kiwiko kwenda chini. Limepinda kidogo karibu na kifundo.

"Hukufuta mkwaruzo, binti," akasema. "Umenifuta mimi."

Ndugu zangu, nimefukuzwa nyumba, nimeachwa na mume, hayo nimeshawasimulia na mliniandikia kunipa pole. Lakini sijawahi kuona aibu kama ya dakika ile. Kwa brashi yangu ya kompyuta nilikuwa nimemwondolea mtu kovu lake, nikampa baba yangu mkono, nikamfanya baba msaliti, nikayapeleka hayo yote kwa mama yangu anayeumwa kitandani.

"Ulilipata wapi gari?" nikamuuliza.

"Kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Limejaa matope mpaka kwenye usukani. Kila mtu analiogopa, wanasema lina mtu ndani asiyeonekana. Mimi nilikuwa kijana, sina gari, nina mikono. Nikalivuta."

"Na kovu?"

Akalisugua kwa kidole gumba.

"Milango yote ilikuwa imebanana. Wa dereva ulijikunja ndani kabisa, nadhani kwa nguzo ya daraja. Hata mimi sikuweza kuufungua kwa nyundo. Nikaukata kwa gesi, moto ukarudi, ukanipitia hapa. Mlango ule, binti yangu, hakuna mtu angeufungua kwa mkono."

"Lakini kioo cha mbele hakikuwepo. Walisema aliruka."

"Kioo kilitolewa na mto, baadaye. Mimi nilivitoa vya ndani ya gari lile, kitu kimoja kimoja. Kitambaa cha paa kilikuwa kimechanika, juu ya kiti cha dereva, kisha kwenda nyuma, kisha kurudi. Si kisu. Ni kucha." Akakunja vidole, akavivuta hewani. "Aliyekichana kile alikuwa ndani mpaka mwisho. Maji yalimtoa akiwa ameshakwisha."

Sikulia. Nilimuuliza swali moja tu, na nililiuliza kwa ukali, ingawa ni mzee wangu.

"Ulikuwa unasikia watu wanasema baba yangu ameonekana?"

"Nilikuwa nasikia."

"Ukajua wanakuona wewe?"

"Nilijua. Nikasema kesho nitakwenda kwa mkewe. Niliogopa gari litachukuliwa. Kesho ikawa kesho nyingine. Halafu gari likafa, nikabaki naogopa aibu."

Akaingia ndani ya gereji. Nilisikia makopo yakihamishwa. Alirudi na mfuko uliokunjwa vizuri, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Ndani kilikuwepo kitambaa cha kufuma, kimefuliwa, pindo la mawimbi halina hata uzi uliofumuka.

"Nilishindwa kukitupa," akasema. "Kilikuwa kizuri. Mwambie... basi. Wewe mwambie utakavyoweza."

*

Mnajua njiani niliwaza nini? Niliwaza kusema uongo. Nimwambie mama kwamba alikufa mara moja, hakuhisi kitu. Au ninyamaze kuhusu kucha. Nani anataka kumpelekea mama yake kucha?

Nilimkuta shangazi amekaa kando ya kitanda na bakuli la supu. Kijiko kimesimama ndani, supu imeganda juu. Mama ameelekea ukutani.

Nikaweka kitambaa karibu na mkono wake. Vidole vyake vilikitambua kabla ya macho. Akageuka.

"Amekupa nani?"

Na uongo wote nilioutengeneza njiani ukanikimbia. Nikamweleza vyote, uwanja wa vyuma chakavu, mlango, gesi, kovu nililolifuta, na mkono ambao watu waliuona mjini miaka yote ile, kumbe wa fundi bodi. Nilipofika kwenye paa nikasimama.

"Endelea," akasema.

"Kitambaa cha paa kilichanika, mama. Kwa kucha."

Shangazi akapiga ukelele mdogo, akaziba mdomo. Kaka yake aliyefufuka kwa ile picha alikuwa amekufa tena, na safari hii mbele ya macho yake.

Mama hakulia. Alikuwa ananitazama kama anayefuata hesabu.

"Alikwaruza sana?"

"Sana, mama."

"Alikuwa anataka kutoka."

"Ndiyo."

Akakikunjua kitambaa kifuani, akakilaza kwa viganja. Nilidhani yameisha. Nilidhani sasa nitamsikia akisema, basi hakuniacha, na atakula, na nitapata usingizi. Nikachukua bakuli kwa shangazi niende kuipasha supu.

"Wifi," mama akasema.

"Bee."

"Alfajiri ile, ukingo ulipokutwa umevunjika, wewe ndiye uliyekimbilia darajani. Mimi nilibaki na huyu mtoto. Daraja lenyewe likasombwa wiki ile ile, sikuliona tena."

"Ndiyo, wifi."

"Magari ya kwenda mjini yana upande wake. Ya kurudi huku yana upande wake." Alikuwa anasema polepole, pumzi inamkatika. "Ukingo uliovunjika ulikuwa upande gani? Alikuwa anakwenda, au alikuwa anarudi?"

Shangazi akatazama sakafu.

"Sijawahi kukuuliza. Nilikuwa naogopa. Leo siogopi. Nilimwambia asirudi. Alikuwa anarudi?"

Nikamtazama shangazi. Redio yetu, ambayo haijazimika tangu nizaliwe, ilikuwa imezimika. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyeona kitu zamani sana na amekuwa akipiga kelele miaka yote ili kisisikike.

Kisha akaninyang'anya bakuli. Akatoa kijiko, akaondoa utando wa supu iliyoganda, akasogeza kiti mpaka magoti yakagusa kitanda.

"Kula kwanza," akasema kwa sauti ndogo nisiyoijua. "Ule hii yote, wifi. Ndipo nikwambie."

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Halafu, macho hajayaondoa usoni mwa shangazi, akafungua kinywa.